Makabati ya jikoni yamejaa na yananuka uvundo, nianzie wapi?

Mama Nasra, Tudor

Assalaam aleikum ndugu zangu. Tumepanga nyumba hapa Tudor, Mombasa, ghorofa ya chini, jiko lenyewe jembamba. Kuna makabati mawili ya ukutani na moja refu la chini linalopita chini ya sinki. Mama mkwe alipohamia kwa mwanawe Malindi alituachia vyombo vyake vyote: masinia ya pilau, sufuria za shughuli, vikombe vya kahawa, mabakuli ya udongo. Vyangu vya harusi navyo vipo. Nikitaka sufuria ya chai lazima nitoe nyingine nne kwanza. Chini ya sinki kuna uvundo hata nikipiga deki kila siku, mchele umeingia fukusi, na mende wameanza kuonekana usiku. Mume wangu anataka tununue kabati jingine, mimi naona tutajaza na hilo. Shaabani ndiyo hii, nataka jiko liwe sawa kabla ya Ramadhani. Vyombo vya mama siwezi kuvitupa, jamani. Nianzie wapi?

Fundi Mwero, Bombolulu

Mama Nasra, anza chini ya sinki, na usiku huu. Toa kila kitu, kausha kwa kitambaa, kisha tandika karatasi kavu chini ya lile bomba la kupinda. Asubuhi ikiwa imelowa, maungio yanavuja. Mwite fundi bomba kabla hujapanga chochote. Makabati mengi ya nyumba za kupanga ni ya bodi, chengachenga za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Maji yakiingia kwenye ukingo uliokatwa, bodi inafura na hairudi tena. Kama haijafura, paka vanishi kwenye kingo zote.

Na maboksi ya katoni yaondoke jikoni kabisa. Mende hujificha kwenye mikunjo yake, na vifuko vya mayai yao huja nayo kutoka dukani.

Bi Zuwena, Kibokoni

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi napika vyakula vya kuagizwa, mahamri, viazi vya karai, pilau za watu, na jikoni kwangu ndiko riziki yangu iliko, kwa hivyo ntakwambia ninayoyajua. Kabati jipya usinunue. Mji wetu huu una unyevu wa bahari mwaka mzima, na kabati lililoshindiliwa halipiti hewa. Hapo hata sahani kavu yashika harufu. Wewe punguza vitu mpaka hewa ipite.

Anza na chakula, vyombo viache kwanza. Huyo fukusi hakuzaliwa kabatini kwako. Jike latoboa punje ya mchele, lataga yai ndani, kisha laziba tundu. Wanunua Kongowea mchele mweupe, waupeta vizuri, huoni kitu, na kwa joto letu baada ya kama mwezi wadudu watoka. Ukiwa na friza, mchele na unga mpya uweke humo siku 4 kabla ya kuutia mkebeni, mayai yafa. Huna friza, nunua wa wiki moja au mbili, gunia waachie wenye mikahawa. Na tafadhali, unga mpya usiumwage juu ya wa zamani. Mkebe uoshe, uanike juani ukauke hasa, ndipo utie.

Viungo ndivyo vinavyoniuma nikiingia majikoni mwa wasichana wa siku hizi. Iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga zikiwa nzima zakaa miaka. Zikishasagwa, baada ya miezi 6 hivi harufu yaanza kwenda. Nusa kila kopo. Lisilonuka kitu, mwaga, kwa maana hata pilau haitalisikia. Kisha nenda Marikiti uchukue kidogo kidogo, usage mwenyewe. Wala usivipange juu ya jiko, mvuke wavimaliza. Chumvi nayo yanywa maji ya hewani unyevu ukipita asilimia 75, na hapa alfajiri nyingi twapita hapo. Itie kwenye chupa ya kifuniko cha kubana.

Vyombo vya kila siku viwe mahali mkono unapofika bila kuinama: chuma cha chapati, mwiko, upawa, sufuria tatu zilizoingiana. Vifuniko vitundike nyuma ya mlango wa kabati. Mbuzi ya nazi ikunje uitundike kwenye msumari. Mimi yangu haijaingia kabatini maisha yake yote. Kifumbu kisifungiwe kikiwa na unyevu, chafanya ukungu.

Sasa vya mama mkwe. Mpigie simu, mwanangu, umuulize chombo kimoja kimoja. Usikisie. Pengine kuna mpwa anaolewa na yeye mwenyewe angependa yale masinia yaende huko. Vya shughuli utakavyobaki navyo vifunge kwa shuka kuukuu, uviweke juu ya kabati la nguo, kwa sababu mahitaji yake ni ya mara moja moja. Lakini vikombe vya kahawa na sinia moja vitoe, vitumike futari hii. Mkwe wako akija Idi akaviona mezani, atafurahi zaidi kuliko kuvikuta vimefichwa.

Mama Nasra, Tudor

Bi Zuwena, Mungu akuweke. Nimempigia. Masinia mawili amesema yaende kwa binti wa wifi yangu, na sufuria kubwa kabisa nimpe jirani yake wa zamani wa Majengo. Sikutarajia. Fundi, karatasi ilikuwa rojorojo asubuhi, bomba linavuja kweli. Na nyuma kabisa nimekuta furushi la mifuko ya plastiki ya tangu kabla ya marufuku ya 2017! Sasa mende je? Nina mtoto anayetambaa, dawa ya kupuliza naiogopa.

Fundi Mwero, Bombolulu

Mende anaweza kukaa na njaa muda mrefu, kiu ndiyo inayomshinda. Bomba likizibwa na sinki likilala kavu, wengi watahama. Poda ya boriki ikichanganywa na sukari inawaua, lakini kwa mtoto anayetambaa usiiweke sakafuni wala kabati la chini. Ziba kwanza nyufa za ukutani na tundu linapopitia bomba, kwa simenti nyeupe.

Bi Zuwena, Kibokoni

Na kabla hujarudisha vitu, acha milango ya makabati wazi kutwa nzima, dirisha nalo wazi. Kaskazi yavuma sasa, hewa kavu kidogo. Ukingoja masika hayatakauka.