Viungo vinavyopinda kupita kiasi: maumivu ya jioni yanapunguzwaje?

Mwalimu_Busia
Habari zenu. Nauliza kwa ajili ya msichana wa miaka 17, mwanafunzi wa bweni. Magoti yake yanarudi nyuma akisimama, gumba linalala juu ya kigasha. Asubuhi yuko sawa. Jioni, baada ya kuchota maji, kufua na kuandika, yanauma magoti, vifundo vya mikono na bega la kulia. Hana uvimbe wala homa, na kipimo cha selimundu kimetoka safi. Kliniki walisema "viungo vimelegea", wakampa diklofenaki, basi. Wenzake wanamwambia ajinyooshe kila jioni. Ni sawa? Na kazi za bweni azifanyeje bila kuitwa mvivu?

Fizio_Jinja
Mwalimu, hilo la kujinyoosha liachwe leo. Misuli yake inakaza kwa sababu inafanya kazi isiyo yake. Kano zinazofunga mfupa na mfupa ni laini mno, kwa hiyo misuli inashika zamu ya kulinda kiungo kutwa nzima, na jioni inachoka. Ukiivuta, nafuu ni ya dakika chache, kisha kiungo kinabaki bila mlinzi. Anahitaji nguvu, na pia kujizoeza kuhisi kiungo kimekaa wapi bila kukitazama. Hisi hiyo mara nyingi ni dhaifu kwa watu wa aina hii, ndiyo sababu wanajikwaa pasipo na jiwe.

Mpime kwa alama za Beighton, kipimo cha ulegevu wa viungo. Kidole cha mwisho kikirudi nyuma kupita nyuzi 90, alama 1 kwa kila mkono. Gumba likigusa kigasha, 1 kwa kila mkono. Kiwiko kikipita mstari ulionyooka kwa zaidi ya nyuzi 10, na goti vilevile, 1 kwa kila upande. Viganja vikilala sakafuni bila kukunja magoti, 1. Jumla ni 9. Kwa aliyekwisha balehe, mpaka miaka 50, 5 na kuendelea inahesabika kuwa viungo vimelegea. Alama zenyewe si ugonjwa, tuelewane: wacheza ngoma wengi wanazo na hawaumwi popote.

Mazoezi ni siku tatu kwa wiki. Akae kitini, anyooshe goti lakini asilifikishe mwisho kabisa, ashikilie sekunde 5, mara 10 kila mguu. Alale chali magoti yamekunjwa, ainue nyonga, vivyo hivyo. Kwa bega, asimame kando ya ukuta, kiwiko kimekunjwa na kubana ubavu, asukume ukuta kwa mgongo wa kiganja, nusu ya nguvu tu, sekunde 5 mara 10. Amalizie kwa kusimama mguu mmoja sekunde 30, ukuta ukiwa karibu, goti limelegezwa kidogo.

Wengi huharibu wiki ya pili. Wanajisikia vizuri, wanafanya maradufu, wanaumwa siku tatu, wanaacha kabisa. Aongeze marudio 2 tu kwa wiki. Maumivu yakikaa zaidi ya saa 24 baada ya zoezi, amezidisha. Arudi hatua moja nyuma, asiache kabisa.

Sista_Tororo
Kuhusu dawa. Diklofenaki na ibuprofeni ni za ukoo mmoja, zisichanganywe, na zote zinachubua tumbo zikimezwa bila chakula. Hapa hakuna uvimbe, kwa hiyo faida yake ni ndogo. Parasetamoli ya miligramu 500: kama ana kilo 50 au zaidi, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, na kwa siku mbaya tu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, dakika 15 hadi 20, mara nyingi inatosha.

Jambo ambalo duka la dawa halitamwuliza: akiandikiwa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, aseme mapema kwamba viungo vyake vimelegea. Dawa hiyo inaweza kudhuru kano zinazofunga msuli na mfupa, hata kuzikata, na mara nyingi kuna dawa nyingine badala yake. Tembe zilizofungwa kwenye karatasi bila jina asizimeze, hata zikisifiwa vipi.

Bega likichomoka, asiruhusu mtu yeyote kulivuta, hata mganga wa mifupa wa kijijini. Mkono ufungwe kifuani kwa kitenge, apelekwe hospitali. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vimekufa ganzi, ni haraka sana. Kiungo kikivimba na kuwa moto, au asubuhi kikakaa kigumu zaidi ya nusu saa, hiyo ni habari nyingine. Apimwe upya, na bruselosisi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nayo ikumbukwe kama anakunywa maziwa mabichi.

Mama_Arua
Jerikeni la lita 20 ni kilo 20 na ushei, na aliyebuni kile kishikio hakuwahi kubeba maji. Achukue mawili ya lita 5, moja kila mkono, arudi mara mbili. Kishikio kizungushiwe kitambaa kiwe kinene, ashike kwa kiganja chote; akining'iniza kwa ncha za vidole, uzito wote unavuta viungo vidogo. Kichwani asibebe kama shingo nayo imelegea.

Kukamua nguo: aipitishe nyuma ya mfereji (bomba la maji) au nguzo, ashike ncha zote mbili pamoja na kuzisokota upande mmoja, vifundo vikiwa vimenyooka. Mashuka wakamue wawili. Kalamu aizungushie kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli mpaka iwe nene kama kidole chake, na kila dakika 20 aiweke chini kidogo.

Mwalimu_Busia
Asanteni sana. Limebaki moja: nyumbani kwao ni Buganda, lazima apige magoti kusalimia wakubwa.

Fizio_Jinja
Apige, ila ashuke goti moja kwanza huku mkono umeshika kiti au paja, na asikalie visigino. Akae wima juu ya magoti, au akunjie miguu upande, akibadilisha upande kila mara. Kuinuka aweke unyayo mmoja mbele, asukume kwa paja. Kukaa kwa miguu iliyotawanyika nje pande zote mbili kama watoto, hapana. Nyonga zake zitakubali, ndipo ilipo hatari.