Tupeane uzoefu: ligi ya kina dada uliyoipenda ikafa

Wapenzi wa kabumbu wa Mombasa, hamjambo. Naanza na WUSA ya Marekani, ligi ya kwanza duniani ambayo wachezaji wote wa kike walilipwa mshahara. Fainali ya Kombe la Dunia la wanawake ya 1999 pale uwanja wa Rose Bowl ilikuwa imejaza watu zaidi ya 90,000, na wenye pesa, wengi wao wa kampuni za televisheni za kebo, wakaamini umati ule utakuja kila wiki. Ligi ikaanza Aprili 2001 na timu 8. Dola milioni 40 zilizopangwa kwa miaka mitano ziliisha mwaka wa kwanza. Mashabiki walianzia wastani wa 8,000 na ushei kwa mechi, wakashuka chini ya 7,000. Nyota kama Mia Hamm walikubali kupunguziwa mshahara, wapi! Ilifungwa Septemba 2003, siku tano kabla ya Kombe la Dunia kuanza hukohuko Marekani. Hapo ndipo panaponiuma: wale mabinti waliingia kwenye mashindano makubwa kuliko yote wakiwa hawana kazi.

Sasa leteni yenu.

*Beki wa Likoni:* Yetu hata haikutangazwa kwamba imekufa. Mechi ikiwa uwanja wa Bomu, tunavuka feri na mfuko wa jezi, halafu matatu hadi Mikindani, na nauli anatoa kocha mfukoni mwake. Njumu hazikututosha. Anayetolewa anazivua palepale kwenye mstari, anayeingia anazivaa zikiwa bado na joto na mchanga ndani, refa anatuhimiza tuharakishe. Siku kocha akikosa nauli, wapinzani wanachukua pointi za mezani. Ikajirudia, tukafutwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijaichezea timu nyingine tena.

*Mzazi, Kisauni:* Binti yangu alikuwa akipangiwa mechi saa saba mchana, jua la utosi, ili jioni wanaume wapate uwanja. Nani atakuja kutazama saa hiyo? Kisha wanasema soka ya wanawake haina mashabiki.

*Refa wa zamani, Changamwe:* Pesa peke yake haitoshi, ndugu. Marekani walijaribu tena na WPS mwaka 2009, ikafa 2012. NWSL iliyoanza 2013 ndiyo iliyodumu, na mwanzoni vilabu havikubeba mzigo wote: mishahara ya wachezaji wa timu za taifa ililipwa na mashirikisho ya soka ya Marekani, Kanada na Meksiko. Kwetu Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, walipofuzu Kombe la Afrika 2016 tulishangilia kweli, lakini wikendi iliyofuata mabinti wa mtaani wakachangishana nauli kama kawaida.

*Mwanzisha mada:* Refa, nakuunga mkono. Shirikisho letu la soka lingelipa nauli na marefa tu, timu nyingi za Pwani zingemaliza msimu. Wa Mtwapa na Magongo mko wapi? Waliowahi kuwa viongozi wa timu, tuelezeni msimu mmoja uliwagharimu kiasi gani na nani alilipa.