Dar hadi Marangu na mtoto wa miezi minne: basi la mchana, basi la usiku, ndege au gari yetu?

MamaTegeta
Wakuu, shikamooni kwa wakubwa. Tunakwenda Marangu, Kilimanjaro, kuhesabiwa (yaani kula Krismasi nyumbani Uchagani), tunaondoka Dar tarehe 21 au 22 Desemba na kurudi tarehe 3 Januari. Tuko watatu: mimi, baba na mtoto wa miezi 4. Ananyonya tu, mchana kila baada ya masaa 2, usiku kila masaa 3. Naomba mnilinganishie hizo njia nne kwa kuangalia mtoto kwanza, nauli baadaye.

Njia_ya_Segera
Mama, nianze na basi. Kutoka Dar hadi Moshi ni kama kilomita 560, na mwendo wa basi hauruhusiwi kuzidi 80 kwa saa. Hesabu masaa 9 hadi 10 siku ya kawaida. Wiki ya Krismasi ongeza mengine mawili, kwa sababu Kibaha hadi Chalinze foleni inasimama kabisa.

Msikate tiketi ya Moshi mjini. Kateni ya basi la Rombo: likifika Himo linakunja kupanda Marangu Mtoni, mnashuka karibu na nyumbani bila kubadilisha gari. Ukiteremkia Himo na mizigo, mtoto na umati wa tarehe 22, kupata gari ya kupanda juu ni mapambano.

Siti: kaeni upande wa kulia, wa dereva. Asubuhi jua linapiga huko ila bado halina ukali, pazia au kitenge kinatosha. Kuanzia saa 7 mchana, mkiwa nyika ya Same na Mwanga ambako joto ndiko liliko, jua linahamia kushoto. Chagueni siti za katikati ya basi. Nyuma ya tairi za nyuma kila tuta linamrusha mtoto, na mbele kabisa kuna spika na mlango unaofunguliwa kila kituo. Mama akae dirishani, baba akae upande wa korido.

Mama_Wawili_Kibosho
Naongezea kwenye kunyonyesha ndani ya basi, maana watu wanasema "utanyonyesha tu" kisha wanaishia na mtoto analia kuanzia Korogwe hadi Same.

Kichwa cha mtoto kielekee dirishani, miguu ndiyo ielekee korido. Wauza korosho na abiria wenye mabegi wanapita wakigonga kila kilichojitokeza. Weka mto mdogo au khanga iliyokunjwa mara nne kati ya kiwiko chako na ukuta wa basi, la sivyo mtikisiko wote unaingia kwenye mkono na baada ya nusu saa mkono umekufa ganzi. Vaa blauzi ya vifungo mbele. Usisubiri alie: basi likisimama kwa mizani au kituoni, mpe hapo hapo hata kama masaa 2 hayajatimia.

Pampasi: beba 10 kwa safari ya mchana. Sita za kutumia, nne za dharura, maana akiharisha mara moja tu zinaisha tatu. Kila pampasi ifunge peke yake ndani ya kitambaa pamoja na nguo moja ya kubadilisha na wipes chache, upate fungu moja kwa mkono mmoja. Zilizotumika weka kwenye kindoo kidogo chenye mfuniko. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu 2019 na basi zima halitakushukuru kwa harufu.

Na wewe mwenyewe ule. Pale basi linaposimama kula ni dakika 15 au 20 tu, na foleni ya choo ya kina mama inazimaliza zote. Beba chakula chako na maji lita 2.

Kisiki
Mbona hakuna anayetetea basi la usiku? Safari za usiku ziliruhusiwa tena tangu Oktoba 2023. Hakuna jua, foleni ni ndogo, mtoto analala.

Njia_ya_Segera
Analala kweli, mkuu. Lakini AC inawashwa kwa ajili ya watu wazima, vituo ni vichache na pampasi unabadilisha kwa tochi ya simu. Kubwa zaidi ni kufika: ukiondoka saa 3 usiku unashuka Marangu alfajiri mbichi, baridi inauma, mtoto ametoka kwenye joto la Dar na bado ana kivesti. Atakayechagua usiku aweke kofia, soksi na blanketi kwenye begi la mkononi. Visiende kwenye buti, maana buti hufunguliwa ukiwa tayari umesimama nje. Mimi kwa miezi 4 nachagua mchana.

TiketiMkononi
Ndege. Kuruka Dar hadi KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) ni kama saa moja na robo, lakini msihesabu hiyo tu. Tegeta hadi uwanjani na foleni ya Desemba ni masaa 2, kuwahi ukaguzi saa moja na nusu, kusubiri mizigo nusu saa, KIA hadi Marangu saa moja na nusu. Jumla karibu masaa 7. Bado ni muda mfupi kuliko basi, na ndani ya hayo masaa 7 mtoto hajabanwa sehemu moja.

Mtoto chini ya miaka 2 anapakatwa, na kwa kawaida analipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mkubwa. Mwandikisheni siku ile ile mnayokata tiketi zenu. Barakoa za oksijeni za ziada ni chache, hivyo idadi ya wanaopakatwa kwenye ndege ina kikomo. Bebeni cheti cha kuzaliwa. Maziwa ya mtoto yaliyokamuliwa yanaruhusiwa, mwambie mkaguzi kabla begi halijaingia kwenye mashine.

Ndege ikianza kushuka, nusu saa kabla ya kutua, mnyonyeshe. Kumeza ndiko kunakofungua masikio.

Baba_Mjenzi
Gari binafsi ni bora kuliko basi kwa sharti moja: kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, kifungwe siti ya nyuma. Kisifungwe mbele penye eabegi, ikifumuka inampiga kichwani. Kumpakata si mbadala. Gari ikigonga kwa kilomita 80, hakuna mikono inayoweza kumzuia.

Ondokeni saa 10 alfajiri muwahi kupita Chalinze kabla ya mabasi. Kila masaa 2 mtoeni kwenye kiti alale chali: Chalinze, Mkata, Mombo, Same. Madereva wawe wawili. Ukiacha hicho kipande cha alfajiri, msiendeshe usiku, malori yaliyoharibika yanaachwa barabarani bila taa.

Nesi_RCH
Hapo kwenye joto la Same kuna kosa linalorudiwa kila mwaka: mtoto anapewa maji. Miezi 4 hapewi maji, hata kijiko, ananyonya mara nyingi zaidi. Akikojoa chini ya mara 6 kwa siku, au utosi ukibonyea, mtafute kituo cha afya.

Kadi ya kliniki iende naye. Chanjo za wiki 14 ziwe zimeshatolewa, inayofuata kwa ratiba ni ya surua miezi 9. Ikiwa moja imepita, kituo chochote huko kitampa kwa kadi hiyo.

Maziwa uliyokamua yanakaa masaa 4 nje kukiwa na ubaridi, masaa 24 kwenye kibegi chenye barafu. Kwenye joto la Same usiyaache nje kabisa.

Na mkishafika: usiku msiingize jiko la mkaa chumbani alikolala mtoto ili kupasha joto. Hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Mvalisheni nguo mbili nyembamba na blanketi moja chini ya kwapa, na wageni wanawe mikono kabla ya kumbeba.

MamaTegeta
Asanteni sana. Baba amekubali ndege kwenda. Kurudi tarehe 3 ndiyo bado.

TiketiMkononi
Kateni ya kurudi leo hii hii pamoja na ya kwenda. Tarehe 2 hadi 5 Januari ndizo zinazojaa kuliko zote. Na yule wa teksi ya KIA mpangeni mapema, mwambieni kabisa kwamba kuna kiti cha mtoto cha kufunga.