Rimu za aloi zimekwaruzwa gereji wakati wa kubadilisha matairi: nadai vipi?

MwendoPole
Wadau, nimefungiwa matairi manne mapya, rimu inchi 17. Mbili zimetoka na majeraha: moja ina mkwaruzo unaofuata mzunguko wa ukingo, nyingine ina alama nne ndogo. Msimamizi anadai ni za zamani, eti niligonga ukingo wa barabara. Nimbane vipi? Na nidai rimu mpya au matengenezo?

Fundi_Upepo
Anza na hizo alama nne, pima nafasi kati yake. Zikiwa zimegawana mduara sawasawa, robo kwa robo, ni taya za meza ya mashine ya kubadilishia matairi. Rimu ya aloi hubanwa kwa nje, na kila taya inatakiwa kuvaa kofia ya plastiki. Kofia ikiisha, chuma kinauma rangi. Hakuna ukingo wa barabara unaogonga kwa vipimo hivyo!

Mkwaruzo wa mzunguko ni kichwa cha kuvulia tairi: plastiki yake imelika, au kimeshushwa bila kuachiwa pengo la milimita 2 hadi 3 kutoka kwenye rimu. Ukingo wa barabara huacha mikwaruzo mifupi ya ovyoovyo, mara nyingi hadi kwenye spoku (mikono ya rimu), na huchubua ubavu wa tairi pia. Kwa hiyo waombe matairi ya zamani kabla hayajatupwa. Ubavu ukiwa safi, hoja yao inayumba.

Angalia pia rangi ya jeraha. Jipya linang'aa na kingo zake zinakwama kwenye ukucha. La zamani limefifia, lina vumbi jeusi la breki, na pembeni vanishi imeanza kuinuka kwa utando mweupe.

Kamanda wa Risiti
Usioshe wala kupaka chochote. Piga picha ya gurudumu zima valvu ikionekana, halafu ya karibu ukiwa na rula, taa ikimulika kutoka ubavuni. Waandikie leo, si simu: namba ya risiti, gurudumu lipi (mbele kulia, nyuma kushoto), unachotaka, na muda wa kujibu, mfano siku 14. Dai matengenezo kwa fundi wa rimu, siyo wao na kopo la rangi ya kupuliza. Rimu mpya idai kama imepinda au ina ufa. Ukidai mpya kwa mkwaruzo tu, unawapa sababu ya kukataa yote.

Mkerezaji
Kabla ya kukubaliana, rimu izungushwe kwenye mashine ya balansi (ya kusawazisha gurudumu) huku kitu kisichosogea kimewekwa karibu na ukingo. Pengo likifunguka na kufunga, rimu imepinda.

Rimu ya rangi yenye mkwaruzo chini ya milimita 1 ni kazi rahisi: ondoa mafuta, msasa 240, 400, kisha 800, praima, rangi tabaka nyepesi mbili au tatu, vanishi. Puti, ile ya kujazia mikwaruzo, isiguse kabisa pale tairi linapokalia, upepo utavuja. Ila kama uso wake umekerezwa ukang'aa, rangi ya fedha itaonekana kiraka. Inarudi kwenye mashine ya kukerezea, na kila mara chuma kinapungua, kwa hiyo hairudiwi ovyo. Ufa usichomelewe, hiyo ni ya kubadilisha.

Fundi_Upepo
Naongezea: zikirudishwa, nati zikazwe kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari, zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Na vyuma vya balansi, vile vizito vidogo vya kusawazisha gurudumu, viwe vya kubandika ndani. Vile vya kugongea ukingoni vitakuchubulia rangi mpya siku hiyohiyo.