Kikundi cha Ukoo: Barua za Babu Askari na Babu Seremala

Shangazi Rombo: Hamjambo wanangu. Kasha la bibi limefunguliwa leo. Zimo barua 41: 23 za Babu Askari alizoandika wakati wa Vita vya Kagera, 18 za Babu Seremala alipokuwa na karakana Moshi mjini. Bahasha ni 30 tu. Nne zimeshikana, na kuna zenye vitundu pembeni.

Dada Sakina: Shikamoo shangazi. Zitumeni Arusha nizipeleke stesheneri zipigwe laminesheni zote, zisichakae tena.

Baba Mdogo Njiro: Laminesheni hapana, mwanangu, tafadhali sana. Ile mashine inayeyusha gundi kwa moto, gundi inazama ndani ya karatasi na haitoki tena maisha. Karatasi ya daftari ya miaka ile ina asidi, ukiifungia ndani ya plastiki inaendelea kujila yenyewe. Selotepu nayo usiiguse. Baada ya miaka michache inageuka njano na kuacha doa juu ya maandishi.

Dada Sakina: Nimeelewa baba mdogo. Zile zilizoshikana je? Shangazi azianike kidogo?

Baba Mdogo Njiro: Juani hapana. Babu Askari aliandika kwa peni, na wino wa peni unapauka kwa mwanga. Babu Seremala aliandika kwa penseli, ambayo haipauki, ila inafutika ukiisugua hata kwa kidole. Kwa hiyo hawa ndugu wawili wanatunzwa tofauti: za askari zifiche mwanga, za seremala usizisugue wala kuzipanga moja juu ya nyingine bila kitu katikati.

Shangazi, zilizoshikana ziache chumbani penye hewa, juu ya kitambaa cheupe cha pamba, siku mbili tatu. Feni iwepo lakini isizielekee. Zikiachia zenyewe, sawa. Zisipoachia, zibaki hivyo hivyo. Ukivuta, uso wa karatasi unabanduka na maneno yake.

Shangazi Rombo: Na vitundu? Nimeona kadudu kamoja kembamba ka rangi ya fedha.

Baba Mdogo Njiro: Huyo anakula wanga na gundi, na anapenda unyevu. Usipulize dawa na usiweke naftalini. Tia barua kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, tia kwenye mfuko wa pili, kisha weka friza wiki mbili. Friza la nyumbani la nyuzi 18 chini ya sifuri linatosha. Ukizitoa, USIFUNGUE mfuko mpaka zipite saa 24. Ukifungua zikiwa baridi, umande unatua juu ya karatasi na kazi yote inaharibika.

Kaka Soweto: Shikamooni. Kabla ya friza naomba zipigwe picha zote, mbele, nyuma, na bahasha. Simu inatosha. Barua ilale mezani karibu na dirisha, jua lisiingie moja kwa moja, simu ikae sambamba na karatasi, flashi imezimwa. Simu ya megapikseli 12 ikijaza ukurasa wa A4 inakaribia nukta 340 kwa inchi, inasomeka vizuri. Penseli iliyofifia, mulika tochi kutoka ubavuni, chini chini: mkandamizo wa penseli unatoa kivuli na herufi zinajitokeza.

Mkinitumia hapa, tumeni kama dokumenti, siyo kama picha. Kikundi kinabana picha, na kwenye penseli ndiko hasara inakoonekana kwanza.

Dada Sakina: Nikienda stesheneri kuskani?

Kaka Soweto: Waambie 400 dpi, yaani nukta 400 kwa inchi, rangi, juu ya kioo. Mashine inayovuta karatasi isiguswe, itaichana.

Shangazi Rombo: Nitazitenga mafungu mawili, ya askari na ya seremala.

Kaka Soweto: Shangazi, hapo naomba tusitenge. Wote wawili walikuwa wanamwandikia mama mmoja, na barua zao zinashuhudiana. Zipange kwa tarehe, A kwa Askari, S kwa Seremala, namba kwa penseli laini ya 2B nyuma kwenye kona. Nimeshasoma picha kumi ulizonitumia, nimeona faida yake.

S haziandikwi tarehe mara nyingi. Lakini kuna moja inayosema mji umejaa wageni wa Uganda waliokuja mkutanoni. Huo ni mkutano wa Moshi, 24 hadi 26 Machi 1979, uliounda UNLF, umoja wa Waganda waliompinga Idi Amin. Basi hiyo inakaa baada ya barua ya babu askari inayotaja kuingia Masaka (Masaka ilichukuliwa 24 Februari 1979) na kabla ya ile ya Kampala, Aprili 11. Nyingine anasikitika bawaba na randa za Nairobi hazifiki tena: mpaka na Kenya ulifungwa Februari 1977 na ukafunguliwa Novemba 1983, kwa hiyo hiyo tunajua tu iko ndani ya miaka hiyo.

Dada Sakina: A-12 mimi niliiweka Julai kwa sababu imeandikwa saba saba.

Kaka Soweto: Isogeze. Humo saba saba siyo sikukuu. Watu wa Uganda waliita hivyo mizinga yetu ya roketi. Na muhuri wa posta nao ni tarehe ya kupokelewa posta, siyo ya kuandika. Barua ya mstari wa mbele inaweza kuwa imekaa mfukoni wiki kadhaa.

Jambo jingine, wanaonakili: msisahihishe. Seremala akiandika 2x4 f12 p6, iandike vile vile. Ni mbao za inchi 2 kwa 4, futi 12, vipande 6. Ukisema "mbao sita" umempotezea kipimo chake. Na nduli abaki nduli, msimgeuze kuwa Amin.

Baba Mdogo Njiro: Vizuri sana. Kuhifadhi sasa: kila barua ikunjuliwe, katikati ziingie karatasi nyeupe mpya za fotokopi, nyingi za siku hizi hazina asidi. Toeni pini na klipu, zinapata kutu. Boksi likae ndani ya kabati ukuta wa ndani, mbali na sakafu na mbali na bati la paa. Masika hayajaanza, anzeni wiki hii. Picha zikae sehemu tatu. Flashi ya kompyuta moja peke yake inakufa siku moja bila taarifa.

Shangazi Rombo: Asante kaka. Bahasha ya A-17 stempu imebanduka. Niirudishie kwa gundi?

Baba Mdogo Njiro: Usiibandike. Itie kwenye kikaratasi ulichokunja, kiandike A-17, na ukiache ndani ya bahasha yake.