Cheti cha VETA ninacho, wayaringi nafanya mimi, muhuri anagonga mwingine

Fundi Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Niko Morogoro, fundi umeme wa majumbani, VETA (mafunzo ya ufundi stadi) nimemaliza leveli ya tatu. Nyumba naitandazia paipu, navuta waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, nachimbia erthi rodi, nafunga meni swichi. Mteja akienda kuomba umeme TANESCO, anatakiwa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, athibitishe kazi. Hapo ndipo naanza kutafuta mtu. Wa mwisho hakukanyaga saiti. Alipokea hela, akagonga muhuri juu ya boneti ya gari. Na hela hiyo imetoka kwenye ufundi wangu, maana bei na mteja tulishapatana.

Sheria siipingi. Nimefungua soketi za watu nikakuta waya wa erthi umekatwa na kufichwa nyuma ya boksi. Ninachouliza: mtu wa cheti kama mimi leseni anaipataje, na kwa nyumba za vyumba viwili vitatu inalipa?

Rehema Umeme, Dodoma
Kaka, cheti kinaonyesha umesoma, ila hakikupi ruhusa ya kusaini kazi. Ruhusa hiyo inatoka EWURA. Madaraja yako kwa herufi, A ndilo kubwa. Wewe wa fezi moja, umeme wa nyumba za kawaida, usihangaike na la juu, omba la chini linalolingana na cheti chako. Maombi ni mtandaoni. Anza leo kutunza kumbukumbu za kila nyumba unayofanya, michoro na picha.

Huyo wa boneti mwache kabisa. Mimi siweki sahihi kabla sijapima kwa megga, kifaa kinachoonyesha kama waya unavujisha umeme, volti 500, waya kwa waya na kila waya kwa erthi. Ikisoma chini ya megaomu 1, natafuta kasoro ilipo. Nyumba ikiungua jina linaloulizwa ni la kwenye fomu, lakini mtaani watamtaja fundi waliyemwona juu ya ngazi, yaani wewe.

Mwana Manyoni
Huku vijijini kilio ni kingine. Kuunganishwa kwa REA, wakala wa umeme vijijini, ni shilingi 27,000, sasa mteja akisikia bei ya wayaringi anaona unamwibia. Wengi wanachukua UMETA, ile bodi yenye soketi na breka, nyumba haina haja ya wayaringi. Fundi unabaki na nyumba za walimu na wenye maduka.

Rehema Umeme, Dodoma
Manyoni, mwenye UMETA akiongeza chumba au akinunua friji atakuita, usimdharau. Kihonda, suala la kulipa: andika ukaguzi kama mstari wake kwenye makadirio, mteja auone kabla hamjapatana. Wateja wangu wanaulipia bila ugomvi, kwa sababu napima wakiwa wamesimama pale na kuwaonyesha namba.

Fundi Kihonda
Asante sana dada. Megga sina, nimekuwa nikitumia testa na multimita tu. Nitaanza kwa kutafuta megga, kisha maombi ya leseni. Mwenye megga nzuri ya mtumba Moro au Dar anitafute.