Javeli, rangi ao pachi: gani inafaa kwa nguo za stile ya muziki ya metali bila franga mingi?

usiku_wa_nguba: Bandugu, niko na veste ya jini nilitosha mu balo ku Kadutu, hapa Bukavu, na triko mbili nyeusi. Minataka zikuwe kama za batu ya metali. Zenye ziko tayari bei yake ni matusi tu. Minafikiri javeli, ao kupaka rangi, ao kushona pachi. Mungechagua gani? Na mama asinifukuze ku nyumba 😅

fundi_birere: Mbele ya yote angalia kitambaa. Kata kauzi kadogo ku pindo ya ndani uchome, ikinuka karatasi na kubakiza majivu ile ni koton, ikiyeyuka ikafanya kidonge kigumu ile ni poliesta. Poliesta hata uilalishe mu javeli usiku muzima inatoka vilevile, sana sana inaharibika. Na koton nyeusi musifikiri itakuwa nyeupe, inaenda ku rangi ya kutu, ingine machungwa, inategemea fabrike iliweka rangi gani. Miye njo hiyo minapendaka, huwezi jua mbele. Ila changanya na maji na utoshe haraka, juu ukiiacha uzi inaoza, triko inapasukia ku mabega.

yaya_sindano: Javeli ni rahisi, sikatae, lakini batu hawasemake namna ya kuisimamisha. Suuza na maji mingi, kisha loweka mu maji oksijene ya ku farmasi, ile ya kusafisha vidonda. Na TAFAZALI musimwange vinegre eti "inakata javeli", ile inatosha gazi ya klori, na vyumba vyetu dirisha ni kadogo vile. Fanyia inje.

kivu_kelele: Miye rangi. Akriliki, na ukate mufano yako mu filimu ya zamani ya radiografi: wembe inapita vizuri, unaiosha, unaitumia tena na tena. Gonga na sponji yenye haina rangi mingi, pinso inasukuma rangi chini ya filimu na mistari inakuwa ovyo. Acha ikauke siku nzima, kisha upige pasi ya makala upande ya ndani na karatasi katikati, majivu isiangukie kazi yako. Rangi ya kupaka nyumba hapana, inakauka na kupasuka ku kiwiko. Na hata akriliki, ukipaka nene ku triko inakuwa ngumu kama karton, ku veste tu njo haisumbue.

yaya_sindano: Njo maana miye nasema pachi, na sitabadilisha. Fundi ya kushona anatupa mabaki kila siku, omba koton nzito, paka mufano yako kule. Ikiharibika umetupa kipande, veste inabaki. Shona na uzi ya nailoni ya fundi ya viatu, haikatike. Halafu ile ya mama: kama unamuogopa, usishone, kamata pachi na epengle tu. Batu ya muziki ya punk ya London walikuwa wanavaa epengle tangu miaka ya 1970, kwa hiyo ni stile kabisa, na siku ya Mungu unazitosha zote unaenda kanisani na veste safi, pasteri hana la kusema.

fundi_birere: 😂😂 Epengle nakubali. Ongeza rivete za mikanda na sakoshi, fundi ya viatu anakupigia palepale. Muangalie batu ya metali wa Botswana, ngozi nyeusi na rivete toka kichwa mpaka miguu mu lile jua lote.

kivu_kelele: Usiweke rivete ku mugongo kama unapandaka moto kila siku, begi itazing'oa.

usiku_wa_nguba: Nimechoma uzi. Veste ni koton, triko moja koton, ingine imeyeyuka. Hii ya kuyeyuka ninaifanya nini?

fundi_birere: Makasi. Kata mikono, panua shingo, triko haifumukake, inajikunja tu. Ukitaka kupaka rangi paka, lakini pasi isikuwe moto sana.

yaya_sindano: Na ile mikono usitupe, niletee ku Nyawera.